Kitimoto cha dume kunuka: madume wa mzao mmoja, banda moja, mmoja ananuka mwingine hanuki. Kwa nini?

Mfugaji_Uyole (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye uzi wa bei za nguruwe mdau mmoja alilalamika kwamba amechinja madume wawili ambao hawajahasiwa. Ni wa mzao mmoja, wamelelewa banda moja, wamekula pumba na mashudu yaleyale. Mmoja aliuzika hadi kwato. Wa pili wateja walirudisha nyama, wanasema inanuka mkojo. Majibu aliyopewa ni yale ya siku zote: hukuhasi, shauri yako. Lakini kama kesi yote ni ya korodani, mbona yule ndugu yake naye alikuwa nazo na nyama yake ikaliwa?

Nimesomea mifugo na kazi ninayoifanya ni hiyohiyo, nikaona nifungue uzi wake. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Harufu ya dume inaletwa na vitu viwili, na kila kimoja kina kwao.

Cha kwanza ni androstenoni. Hii ni steroidi inayotengenezwa ndani ya korodani, kwenye seli za Leydig, palepale panapotengenezwa testosteroni, homoni ya udume. Wataalamu waliitambua kwenye mafuta ya dume mwaka 1968. Kazi yake ni kumpa jike taarifa. Inatoka korodani, inasafiri kwa damu hadi kwenye tezi za mate, inashikwa na protini moja iliyoko huko, na dume anapotafunatafuna hewa na kutoa lile povu jeupe mbele ya jike, ndiyo anayoisambaza. Jike aliye kwenye joto akiipata puani anakakamaa, masikio yanasimama, unamkandamiza mgongoni hasogei hata hatua. Wanaopandikiza kwa mrija wanajua kuna kopo la kupuliza lenye kitu hikihiki, linalofanya kazi ya dume bila dume kuwepo.

Tabu ni kwamba androstenoni inapenda mafuta. Ya ziada kwenye damu inaenda kukaa kwenye mafuta ya mgongoni na ya tumbo. Ukiweka nyama kwenye karai mafuta yakapata moto, inapanda na mvuke. Ndiyo maana mnofu mtupu wa dume huyohuyo unaweza kupita, na kipande chenye mafuta kikafukuza watu mezani.

Cha pili ni skatoli. Hii korodani haziitengenezi. Inatengenezwa na bakteria wa utumbo mpana wanapovunja triptofani, ambayo ni kimojawapo cha vijenzi vya protini. Triptofani hiyo inatokana na chakula ambacho hakikumeng'enywa vizuri, na pia seli za ukuta wa utumbo zinazokufa na kubanduka kila siku. Jike anayo skatoli tumboni, aliyehasiwa anayo, wewe unayesoma hapa unayo. Inanuka mavi, hakuna lugha laini ya kusema. Inapenya ukuta wa utumbo, inaingia kwenye damu, damu inaipeleka kwenye ini.

Na kwenye ini ndipo kesi ya wale ndugu wawili inapoanza kueleweka.

Ini la nguruwe lina vimeng'enya vya kusafisha vitu hivi vyote viwili. Skatoli inashughulikiwa kwanza na kimeng'enya kiitwacho CYP2E1 pamoja na ndugu zake wa kundi la CYP2A, wanaibadilisha umbo. Halafu kinakuja kingine, SULT1A1, kinaibandika salfeti ili iyeyuke kwenye maji na itoke kwa mkojo. Androstenoni nayo inaguswa na kimeng'enya cha 3β-HSD, inageuka kuwa androstenoli, kisha nayo inafungwa na kutolewa. Kilichobaki kwenye mafuta siku ya kuchinja ni kilichotengenezwa ukitoa kilichosafishwa. Dume anaweza kuwa na korodani zinazozalisha sana lakini ini lake likawa hodari, asinuke. Mwingine anazalisha kiasi cha kawaida, ini lake zito, akanuka hadi kwa jirani.

Ndugu wa mzao mmoja hawarithi jeni zilezile. Kila mmoja anapata nusu kwa baba na nusu kwa mama, ila nusu hizo zimechanganywa upya kwa kila kitoto. Mmoja anaweza kuchukua toleo la jeni ya CYP2E1 linalofanya kazi vizuri, mwenzake akachukua lile legevu.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kuwa na jeni ni kitu kimoja, jeni hiyo kutumika ni kingine. Jeni ya CYP2E1 imo kwenye kila seli ya nguruwe, hata ya sikio, lakini ini ndilo linaloisoma kwa wingi na kutengeneza kimeng'enya. Inasomwa kiasi gani inategemea ishara zinazofika kwenye seli. Watafiti wa Bristol, Uingereza, walichukua seli za ini la nguruwe wakazipa skatoli: CYP2E1 ikaongezeka, seli zimeona taka zimeongeza wafagizi. Walipoweka na androstenoni, ongezeko lile likazuiwa.

Hapo utaona ujanja wake. Dume akibalehe, korodani zinamwaga androstenoni, androstenoni inafika kwenye ini na kuzuia kile kimeng'enya cha kusafisha skatoli, skatoli inajaa kwenye mafuta. Korodani hazitengenezi skatoli ila zinailinda isitolewe. Ukihasi, unazima ya kwanza na unalifungulia ini liondoe ya pili.

Maswali karibuni.

Kijana_wa_Mbozi

Ngoja nikae pale nisome kwa utulivu. Mkuu, CYP2E1 si ndiyo ile inayohangaika na pombe kwa binadamu?

Mfugaji_Uyole

Ndiyo hiyohiyo mkuu. Kwa mtu inasaidia kuvunja pombe, hasa kwa wanaokunywa sana. Nguruwe hanywi, ila kazi ya kusafisha anayo.

MamaRosti

Mimi nauza, sifugi. Naomba kuuliza kaka. Nikikaanga nyama ya dume aina hiyo, meza moja wanasema inanuka hawali, meza ya pili wanaagiza kilo nyingine na ndizi juu. Karai moja, mafuta yaleyale! Mume wangu hasikii chochote, mimi nikifungua tu mfuko wa nyama naijua. Nilidhani wateja wana visirani.

Mfugaji_Uyole

Hawana visirani dada yangu, wana jeni. Puani mwa binadamu kuna kipokezi kinachotengenezwa na jeni iitwayo OR7D4, ndicho kinachodaka androstenoni. Utafiti uliotoka mwaka 2007 ulionyesha kwamba watu wenye matoleo tofauti ya jeni hiyo wanaisikia tofauti. Kuna anayesikia mkojo au jasho kali, kuna anayesikia kitu kitamutamu kama vanila, na kuna asiyesikia kabisa. Kwa wastani wanawake wanaisikia zaidi ya wanaume. Kwa hiyo kwenye kununua nyama nenda wewe, mzee abaki na hesabu.

Skatoli haina huruma hiyo, karibu kila mtu anaisikia. Na haihitaji kuwa nyingi: Ulaya wanaanza kuwa na wasiwasi mafuta yakifika mikrogramu 0.2 hadi 0.25 kwa gramu. Androstenoni mpaka wake huwekwa kati ya 0.5 na 1.

Dokta_Shamba

Mleta uzi, sayansi yako iko vizuri, sina ugomvi nayo. Ila natibu mifugo vijijini na nakuambia uzi huu utawapa watu kisingizio. Mtu atasoma "ini, ini" aache kuhasi, halafu aje na dume wa miezi tisa mwenye kilo mia na kitu atuuzie. Huku hakuna mashine ya kupima, hakuna chochote. Kitoto akiwa na wiki moja au mbili, wembe safi, dawa ya kidonda, dakika chache umemaliza. Baada ya hapo unazungumzia jeni za nini?

Mfugaji_Uyole

Dokta, nakubaliana nawe kwa mfugaji wa nguruwe watatu wanne anayeuza kwa bucha la mtaani. Ahasi mapema, ajisahau.

Lakini kuna upande wa pili. Dume ambaye hajahasiwa anakua kwa chakula kidogo zaidi na anaweka nyama nyingi kuliko mafuta, kwa sababu homoni zake zinamsukuma kujenga misuli. Ukihasi unalipia kwenye pumba kila siku hadi anachinjwa. Uingereza na Ireland hawahasi, Hispania na Ureno wengi hawahasi, na mojawapo ya mbinu za Waingereza ni kuchinja mapema wakiwa na uzito mdogo, kabla balehe haijakolea. Androstenoni inapanda pamoja na balehe. Anayechinja dume wa miezi mitano na anayechinja wa miezi tisa hawana tatizo moja.

Na wewe mwenyewe unajua wale vitoto ambao korodani moja imebaki tumboni. Mfugaji anahasi moja inayoonekana, anahesabu amemaliza. Ile ya ndani mbegu haitoi, lakini androstenoni inatengeneza kama kawaida. Miezi saba baadaye mtu anaapa kwa Mungu kwamba alihasi na nyama inanuka. Hali hiyo inarithiwa, kwa hiyo dume anayezaa vitoto wa namna hiyo si wa kubaki naye.

Dokta_Shamba

Hapo kwenye korodani ya tumboni umenikosha. Nimeshawahi kuitwa kusuluhisha kesi ya hivyo kati ya mfugaji na muuza bucha, wote wawili wanasema kweli.

Mzaramo_Asilia

Mimi mwenzenu hii kitu sili na sitakula, ila uzi nimeusoma wote hadi hapa. Endeleeni.

Ughaibuni_DE

Salamu kutoka Ujerumani. Niliwahi kufanya kazi machinjioni huku, niongeze kidogo.

Hapa tangu tarehe 1 Januari 2021 ni marufuku kuhasi kitoto cha nguruwe bila ganzi. Wafugaji wakagawanyika: wengine wanahasi kwa dawa ya usingizi, wengine wanachoma chanjo ya kuzima korodani, wengine wanaacha madume kama walivyo. Hao wa mwisho wakifika machinjioni wanapita mbele ya watu wa kunusa. Ndiyo, watu. Nyama inaning'inia inatembea kwenye mnyororo, mtu ana chuma cha moto au kimoto cha gesi, anaunguza mafuta kidogo, kwa kawaida shingoni, anainamisha pua, anavuta, anabonyeza kitufe. Inayofuata. Hawa hawachukuliwi tu, wanapimwa kwanza kama pua zao zinasikia androstenoni, kwa sababu ile mleta uzi aliyomweleza MamaRosti. Na hawanusi mfululizo zamu nzima, pua inachoka, wanapokezana.

Denmark wao waliwahi kutegemea mashine zinazopima skatoli kwenye mstari wa kuchinjia. Ila mashine ya skatoli haikuambii kitu kuhusu androstenoni.

Bata_Mzinga

Ughaibuni_DE unasema umetoka Bongo hadi Ujerumani ukakuta kazi ya kunusa nguruwe? 😂

Ughaibuni_DE

Mimi nilikuwa upande wa kukata, hiyo ya kunusa sikufaulu pua.

Mwanakijiji_Makambako

Mkuu Mfugaji_Uyole, swali la maana. Nina dume la mbegu la aina ya Duroc, watu wanaleta majike kutoka kata mbili. Nasikia Duroc ndio wanaonuka zaidi. Ni kweli? Na nikianza kuchagua madume wasionuka si nitaishia na madume wasio na nguvu ya kupanda?

Mfugaji_Uyole

Maswali mawili, yote mazito.

La Duroc: utafiti wa Norway uliolinganisha madume ya Duroc na ya aina nyingine, Landrace, ulikuta Duroc wana androstenoni nyingi zaidi kwa wastani. Wastani tu. Ndani ya Duroc wako wasafi na ndani ya Landrace wako wachafu. Makadirio mengi yanaonyesha kwamba karibu nusu au zaidi ya tofauti ya androstenoni kati ya dume na dume ni ya kurithi, jambo ambalo kwenye mifugo ni kubwa sana. Skatoli inarithiwa pia lakini kwa kiwango cha chini, maana chakula na usafi vina sauti.

La nguvu ya kupanda ndilo lililowaumiza vichwa wataalamu wenyewe. Androstenoni na testosteroni zinaanzia sehemu moja: kolesteroli inageuzwa kuwa pregnenoloni, na kutoka hapo njia zinagawanyika. Kimeng'enya kinachofanya kazi kwenye njia panda hiyo ni kimoja, CYP17A1. Na amri ya kuanza kazi inatoka kwenye ubongo na tezi pituitari iliyo chini yake, ni ileile kwa zote mbili. Kwa hiyo ukichagua kwa kufumba macho madume wenye androstenoni ndogo, unaweza kujikuta umechagua madume wanaochelewa kubalehe, wenye testosteroni ndogo.

Kinachotoa matumaini ni protini ndogo inayoitwa saitokromu b5. Ikiwa nyingi kwenye korodani, CYP17A1 inasukumwa kuelekea upande wa androstenoni. Ikiwa kidogo, mzigo unabaki upande wa testosteroni. Kundi la Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, limeifanyia kazi hii kwa miaka mingi, na walikuta badiliko la herufi moja tu kwenye jeni ya b5 linaloambatana na androstenoni ndogo kwenye mafuta. Dume wa hivyo anapunguza harufu bila kupunguza udume. Na upande wa ini ni salama zaidi, kwa sababu dume mwenye ini hodari korodani zake hujazigusa.

Wewe wa Makambako huna maabara, na hauihitaji ili uanze. Watu wanaochinja watoto wa dume lako ambao hawajahasiwa waambie wakate kipande cha mafuta ya mgongoni, wakiunguze kwa moto, anuse mtu mwenye pua, kwa mfano MamaRosti. Andika kwenye daftari: mama ni nani, umri wakati wa kuchinja, kananuka au hakanuki. Ukiona watoto wa majike tofauti, wa mabanda tofauti, wengi wao wananuka, dume wako ana kesi ya kujibu. Mmoja peke yake hathibitishi kitu.

Halafu hilo la majike kutoka kata mbili kuja kwenye banda lako, na homa ya nguruwe tunayoijua, naomba Dokta akusemeshe mwenyewe.

Dokta_Shamba

Nitamsemesha. Mkuu nitafute PM.

Mkulima_Njombe

Nimesoma mahali kwamba viazi mbichi vinaondoa harufu. Huku Njombe viazi vilivyokatika jembe tunatupa. Nivimwage bandani?

Mfugaji_Uyole

Usivimwage tu. Kilichofanyiwa utafiti ni wanga mbichi wa viazi, uliokaushwa, unaochanganywa kwenye chakula. Wanga mbichi haumeng'enywi vizuri kwenye utumbo mwembamba, unafika utumbo mpana mzima mzima, bakteria wanaula huo na kutoa asidi ya butiriki. Asidi hiyo inapunguza kufa kwa seli za ukuta wa utumbo, triptofani inapungua, skatoli inapungua. Ukipika, wanga unameng'enywa mapema na faida inapotea. Viazi vizima vibichi vina solanini, hasa vilivyogeuka kijani au vilivyochipua, utaua nguruwe ukitafuta harufu nzuri.

Mzizi wa mmea uitwao chikori unafanya kazi kwa njia ya jirani na hiyo. Skatoli inashuka haraka, ndani ya wiki moja hivi ya kubadili chakula utaona tofauti. Lakini hayo yote ni kwa skatoli. Androstenoni haijali umekula nini.

Kijana_wa_Mbozi

Na dume mzee wa mbegu ambaye nataka kumchinja Krismasi? Au ndio basi tena, nimzike?

Mfugaji_Uyole

Si wa kuzika. Mwite daktari amhasi kwa ganzi, dume mkubwa si wa kushikwa na vijana wanne na wembe, halafu msubiri. Androstenoni iliyolala kwenye mafuta inatoka polepole, hesabu wiki kadhaa, wengine wanampa miezi miwili na zaidi. Ini litaisafisha kwa kasi yake.

Ipo pia chanjo, Improvac, inayoufanya mwili wa nguruwe ushambulie homoni ya GnRH, yaani ile amri inayotoka kwenye ubongo. Australia iliiruhusu mwaka 1998, Ulaya 2009. Zinachomwa dozi mbili, na ni ya pili inayozima korodani, kwa kawaida wiki nne hadi sita kabla ya kuchinja. Inapopatikana anayechoma awe makini kuliko kawaida: homoni hiyo na ya binadamu ni ileile, ukijichoma kwa bahati mbaya usirudie kuishika tena. Kama inapatikana ulipo, muulize daktari wa mifugo.

Bata_Mzinga

Si wabadilishe tu jeni za nguruwe kwa maabara tumalize?

Mfugaji_Uyole

Wameshaanza. Kuna waliozima jeni ya KISS1 nguruwe asibalehe, na Wajerumani mwaka 2021 walitoa matokeo ya kuzima SRY, nguruwe wenye kromosomu za dume wakakua na maumbile ya jike. Bado ni mambo ya maabara, na asiyebalehe hazai bila kupewa homoni.

MamaRosti

La mwisho kaka nisikuchoshe. Kuna siku nilinunua jike, nimemwona kwa macho yangu ni jike, na akanuka. Hiyo nayo ni dume aliyejificha?

Mfugaji_Uyole

Uliza alikuwa analala wapi. Nguruwe anayelala kwenye mavi na mkojo wakati wa joto anaipokea skatoli kupitia ngozi na kwa kuivuta puani, juu ya ile inayotoka tumboni mwake, na ini lake linazidiwa hata kama ni jike. Banda kavu siku chache kabla ya kuchinja linabadilisha mambo. Na kama harufu yenyewe ilikuwa ya samaki zaidi kuliko mavi, hiyo ni nyingine kabisa: alilishwa dagaa hadi siku ya mwisho. Muulize aliyekuuzia aliacha kumpa dagaa lini.